Mbuzi wametupa mimba, watu wana homa: ramani ianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii pande za Marafa, huku Magarini, kaunti ya Kilifi. Tangu mvua kubwa ipungue, mbuzi wa nyumba nne wametupa mimba, na vitoto vilivyozaliwa hai vimekufa siku ya pili. Sasa mchungaji mmoja na mama aliyemzalisha mbuzi wake wameshikwa na homa kali, na kipimo cha malaria kimesema hakuna. Nasikia wataalamu huchora ramani ya ugonjwa unavyotoka kwa mifugo kwenda kwa watu. Je, sisi twaweza kuichora wenyewe? Na itathibitisha kwamba homa hii imetoka mazizini?

JIBU: Dada yangu, salamu nyingi kutoka Malindi mjini. Niruhusu nianze na la haraka, maana ramani yaweza kungoja hadi jioni lakini hili haliwezi. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi yenu leo hii, usingoje nyumba ya tano. Wagonjwa wako wawili wapelekwe hospitali, na wewe mwenyewe uhakikishe daktari ameambiwa kwamba walikuwa karibu na mbuzi waliotupa mimba. Neno hilo lisiposemwa, mtu hupewa dawa ya homa ya matumbo akarudishwa nyumbani. Akianza kutoka damu kwenye fizi au kutapika damu, macho yakageuka manjano, akaweweseka au akalalamika kwamba haoni vizuri, usiku huo asilale nyumbani. Vijusi, makondo ya nyuma na majimaji ya uzazi yasiguswe kwa mikono mitupu. Chimbeni shimo refu mbali na kisima, mbwa wasije wakafukua. Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Kibudu kisiliwe, na mnyama anayeugua asichinjwe upesi-upesi ili nyama isipotee, kwa sababu katika baadhi ya magonjwa haya kuchinja ndiko kunakomwagia mtu virusi mikononi na usoni. Kina mama wajawazito wakae mbali na mazizi kwa sasa, na kila mtu alale ndani ya chandarua.

Sasa maswali yako. La pili nalijibu kwanza: hapana, ramani peke yake haithibitishi kwamba homa ilitoka zizini. Ramani yaonyesha nani aliugua, wapi, lini, na nani alitangulia. Uthibitisho hutoka maabara, pale damu ya mtu na ya mbuzi inapopatikana na kirusi kimoja, au na kingamwili za kirusi hicho, yaani alama za kinga ambazo mwili huziacha damuni baada ya kupambana nacho. Siku hizi maabara kubwa huweza hata kusoma vinasaba vya kirusi cha mtu na cha mnyama zikaona ni ndugu wa karibu kiasi gani. Lakini maabara haijui ichukue damu ya nani mpaka mtu kama wewe aielekeze. Ndiyo maana la kwanza nalijibu kwa moyo wote: ndiyo, mwaweza, na hakuna anayefaa kuianza kuliko ninyi mnaoishi hapo.

Kuna jambo moja ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa. Ramani yenu iwe moja, wanyama na watu pamoja, na mnyama atangulie kuandikwa. Mara nyingi mambo hugawanyika: watu wa afya wana ramani yao ya wagonjwa, watu wa mifugo wana yao ya mazizi, na mbili hizi hazikutani mpaka watu wameshazikwa. Ramani ya watu peke yake huchelewa siku zote, kwa sababu ugonjwa wa namna hii unapofika kwa mtu wa kwanza huwa umeshakaa mazizini kwa muda.

Nikueleze kwa ugonjwa ambao dalili zako zinanifanya niuwaze, ingawa siwezi kuupima kutoka huku. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1931, baada ya kondoo wa shamba moja kutupa mimba kwa wingi na wanakondoo kufa ndani ya siku chache. Kirusi chake huenezwa na mbu. Kuna mbu wa mafuriko, jamii ya Aedes, ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, mengine yakiwa tayari na kirusi ndani. Manyunyu ya kawaida hayayaamshi. Maji yakituama kwenye tambarare yenye udongo mzito usiopitisha maji, mayai huanguliwa kwa mkupuo, mbu hao huuma mifugo, na baadaye mbu wa jamii nyingine, hasa Culex, wanazaliana kwenye maji hayo hayo na kuusambaza ugonjwa mbali zaidi. Kutoka kwa mnyama, mtu huupata kwa damu, nyama mbichi, kijusi na maziwa mabichi, au kwa kuumwa na mbu. Kutoka kwa mtu hadi mtu haujaonekana ukienea. Wengi wanaoupata huugua homa ya siku chache wakapona bila kujua ulikuwa nini. Wachache sana hutokwa damu, na kati ya hao karibu nusu hufa. Wengine hubaki na macho yasiyoona vizuri.

Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani waliokuwa wakifuatilia kwa setilaiti joto la bahari, mawingu ya mvua na ukijani wa nyasi walitoa tahadhari kwamba Pembe ya Afrika ilikuwa njiani kupata mlipuko. Hawakukosea. Desemba ugonjwa ulithibitishwa Garissa, ukafika Ijara, Tana River na hata Kilifi yetu, kisha mwaka 2007 Tanzania nayo ikaupata. Kenya peke yake ilipoteza watu zaidi ya 150, na hasara ya uchumi ilikadiriwa kupita shilingi bilioni 2. Baadaye watafiti waliwarudia wafugaji wa Kaskazini Mashariki na kuwauliza mambo yalivyofuatana. Kwa kumbukumbu za wafugaji, tangu mvua kubwa ianze hadi mbu kujaa zilipita siku kama 24 kwa wastani. Tangu mbu kujaa hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku kama 17. Tangu mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, kama 17 tena. Lakini tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma ya mifugo kufika, zilipita siku kama 60.

Soma hesabu hiyo polepole, dada yangu. Zaidi ya wiki mbili zilipita kati ya mnyama na mtu, na katika wiki hizo wafugaji walikuwa wakiona kila kitu. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la ugonjwa huo, sandik, pua itokayo damu, na walijua vyema haikuwa homa ya kawaida ya mifugo. Setilaiti ilikuwa imeona mvua na nyasi kutoka juu, wafugaji walikuwa wameona mbuzi wakitupa mimba hapa chini, na katikati hapakuwa na mtu wa kuyaandika mambo hayo mawili kwenye karatasi moja. Mtu huyo ndiye unayeuliza kama waweza kuwa.

Basi chukua daftari kubwa, simu ya kawaida ya kugusa, na karatasi ya manila. Programu za ramani za bure zipo, kama QGIS, na afisa wa kaunti anaweza kukusaidia nazo baadaye. Usianze nazo. Anza kwa kuwakalisha wazee wa mifugo na wachungaji chini ya mwembe, wachore kwenye manila mahali maji yaliposimama mwaka huu na yaliposimama mafuriko yaliyopita, wanakonyweshea, njia ya malisho, mahali pa kuchinjia, njia ya kwenda mnadani, na mazizi yote. Nasema yote, hata yale yasiyopata shida. Usiwaambie unatafuta ugonjwa gani. Waulize tu nini kilianza, kikafuata nini.

Halafu tembelea zizi moja moja. Katika daftari, mstari wa kila zizi uwe na tarehe ya mnyama wa kwanza kuugua au kutupa mimba, si tarehe uliyoambiwa wewe. Watu hawakumbuki tarehe, na hilo si kosa lao. Wafungie kwenye jambo wanalolikumbuka: ilikuwa kabla ya mazishi ya fulani au baada, kabla ya barabara kukatika au baada, siku ya gulio lipi. Andika mbuzi wangapi walikuwa na mimba na wangapi wametupa. Wewe umeniambia nyumba nne, lakini hukuniambia ni nne kati ya ngapi. Mbuzi mmoja kutupa mimba katika zizi la arobaini ni jambo la kila msimu, huenda amepigwa pembe tu. Wanane kati ya kumi ndani ya wiki moja ni kengele. Usipoandika jumla, mambo haya mawili yatakuwa na alama sawa kwenye ramani yako, na utamtisha mtu bure au utamnyamazisha aliye hatarini.

Kuhusu simu: washa sehemu ya kuonyesha ulipo, simama nje ya zizi pasipo na mti wala bati juu ya kichwa, na ungoje mpaka kosa la kipimo ambalo simu huonyesha lishuke chini ya mita 10. Andika namba zote mbili za mahali, latitudo kwanza kisha longitudo, na tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu mbili tu zaweza kukupoteza kwa nusu kilomita na zaidi, na kwa mazizi yaliyo karibu-karibu hiyo ni kumsingizia jirani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele yake. Malindi mjini ni kama −3.22 na 40.12. Ukisahau hiyo alama ya kutoa, zizi lako litahamia kaskazini kabisa ya Kenya, pande za Mandera. Ukizigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, litaangukia Hispania, si mbali na Madrid. Ukirudi nyumbani jioni zitazame zote kwenye simu, namba ya kosa huonekana mara moja.

Sasa watu, na hapa ndipo ramani nyingi huharibika. Chukua mfano wa mchinjaji anayekaa Maweni, hapa Malindi, aliyelazwa siku ya Ijumaa. Faili itaandikwa makazi Maweni, tarehe Ijumaa. Ukiipeleka faili hiyo kwenye ramani kama ilivyo, ugonjwa utaonekana umezuka Maweni, na dawa ya mbu itapelekwa kunyunyiziwa mitaro ya Maweni. Lakini kaa naye kitandani umuulize. Homa ilianza lini? Jumatatu. Homa ya Bonde la Ufa huchukua siku 2 hadi 6 tangu kuambukizwa mpaka dalili zitokee, kwa hiyo tunarudi nyuma hadi kati ya Jumanne na Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Siku hizo alikuwa wapi, alishika nini? Alhamisi alichinja mbuzi watano nyumbani kwa watu kwenye shughuli, na mmoja alimkuta na mimba iliyooza tumboni. Mbuzi hao waliletwa na dalali, na dalali aliwanunua Garsen kwa mfugaji aliyeshuka kutoka malisho ya delta ya mto Tana. Sasa tuna sehemu tatu: anakolala mgonjwa, alikochinja, alikotoka mnyama. Alama ya maambukizi huwekwa pale pa pili, kisha unachora mstari kwenda pa tatu, na mstari huo ndio unaomwambia afisa wa mifugo aelekeze gari lake wapi kesho asubuhi. Maweni haihusiki, isipokuwa kama mahali pa kuwatafuta wenzake waliosaidia kuchuna.

Kwa mchungaji wako kazi ni nyepesi kidogo, lakini usiweke alama nyumbani kwao. Muulize siku sita kabla ya homa alilisha wapi, alinywesha wapi, alilala wapi, na kama alibeba kitoto kilichokufa. Kwa yule mama huenda jibu liko zizini kwake mwenyewe. Hata hivyo muulize yote, kwani huenda alichuna mnyama wa jirani siku hizo hizo.

Nimesema ugonjwa mmoja kwa sababu mvua na vifo vya vitoto vinaelekea huko, ila usijifunge. Brusela nayo hutupisha mimba na kumpa mtu homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na jasho la usiku. Homa ya Q, ugonjwa mwingine wa mifugo unaompata mtu, pia. Kila ugonjwa una mwandiko wake kwenye ramani. Homa ya Bonde la Ufa hujaa ghafla karibu na maji yaliyotuama, mazizi mengi ndani ya wiki chache, kisha hutulia. Brusela haina haraka wala haijali mvua. Mgonjwa mmoja hapa, mwingine kule, mwaka mzima, na ukiwauliza utakuta wanaunganishwa na maziwa, muuzaji mmoja mwenye bodaboda anayekusanya kwa wafugaji wale wale. Kwa huyo mgonjwa wa brusela kurudi nyuma siku sita hakukupi kitu, maana huweza kuchukua wiki mbili, nne, hata miezi. Kimeta hurudi kwenye ardhi ile ile iliyowahi kuzikiwa au kuoza mzoga, kwa sababu mbegu zake hukaa udongoni miongo kadhaa. Ukikuta mnyama amekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani na kwenye haja, usimpasue kabisa, wala usiruhusu mtu ampasue ili kuona kilichomuua.

Neno moja kuhusu vipimo, kwa kuwa nawajua watu wetu. Kuna kipimo cha haraka cha brusela kinachofanywa kwenye maabara nyingi ndogo za mitaani kwa tone la damu na tone la dawa, na majibu yake hayaaminiki. Kimewapa wengi ugonjwa wasiokuwa nao, na dawa za wiki sita bure. Usitie alama ya brusela kwenye ramani kwa kipimo hicho peke yake. Tumia alama tatu tofauti: duara tupu kwa tetesi, duara nusu kwa mwenye dalili zinazolingana na aliyegusana na mnyama mgonjwa, duara lililojazwa kwa aliyethibitishwa na maabara kuu. Tetesi ziandike pia. Mlipuko mwingi huanza kwa tetesi ambazo mtu mwenye cheo alizidharau.

Kuna hatari nyingine ambayo huku Magarini ni kubwa kuliko sehemu nyingi. Mahali patupu kwenye ramani si mahali salama. Mto Sabaki ukifura na barabara za udongo zikageuka matope, watu wa ng'ambo hawafiki zahanati, bodaboda haipiti, na afisa wa mifugo haendi. Kwenye ramani pande hizo zitakuwa nyeupe, safi kabisa, wakati ndiko maji yalikotuama na ndiko mbu waliko. Anayeitazama ramani hiyo ofisini atapeleka chanjo na dawa kwenye alama, yaani karibu na lami. Kwa hiyo tia kivuli cha penseli kila kijiji ambacho hujapata habari zake wiki hii, na mtu akikuuliza kivuli ni nini, mwambie: huku hatujui. Piga simu kwa mwenye duka, kwa imamu, kwa mchungaji wa kanisa, kwa mwalimu. Simu hufika mahali gari halifiki.

Pia usiifunge ramani kwenye mipaka ya wadi. Mifugo ya Waorma na Wawardei huteremka kwenye delta ya Tana wakati wa kiangazi na kuondoka maji yakipanda. Malori ya mbuzi na ng'ombe hupita Malindi kwenda Mombasa. Lamu kisiwani wanyama wa kuchinja huvushwa kwa boti kutoka bara. Kila mnada ni mahali ambapo mazizi ya mbali hukutana kwa saa chache kisha hutawanyika. Na iko kalenda ambayo watu wa setilaiti hawaitazami, nayo ni ya Idd ya kuchinja. Kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni. Mwaka 2027 itaangukia katikati ya Mei, masika yakiwa yamepamba moto kwenye pwani yetu. Maana yake kwa miaka kadhaa ijayo mbuzi na kondoo watasafirishwa kwa wingi, na kuchinjwa majumbani na watu wasio wachinjaji, katika wiki zile zile ambazo maji yametuama. Mwaka wa mvua ya kawaida hilo halina neno. Mwaka wa mafuriko, ningetaka maimamu wa Mambrui, Malindi na Lamu wawe wameitazama ramani kama yako wiki tatu kabla, ili watu wajue wanyama watoke wapi na mikono ikingwe vipi.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma. Alama kwenye ramani ni nyumba ya mtu. Ukiibandika manila yako ukutani kwa chifu, au ukaipiga picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, kesho hakuna atakayenunua maziwa ya mama yule, na keshokutwa mwenye zizi la sita atauza mbuzi wake wagonjwa usiku kwa bei ya kutupa, na ugonjwa utakuwa umepanda lori. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, lakini hata pasingekuwa na sheria ningekuomba hivyo hivyo. Kuwe na ramani mbili. Ya kazi, yenye mazizi na tarehe, ikae kwako, kwa afisa wa mifugo na kwa afisa wa afya. Ya watu wote ionyeshe eneo pana tu, mathalani kijiji kizima au duara la kilomita tano, pamoja na maelezo ya nini kifanyike. Katika daftari tumia namba badala ya majina, na karatasi inayounganisha namba na majina ihifadhiwe mbali na daftari.

Wafugaji hawafichi magonjwa kwa ubaya wa roho. Mwaka 2007 minada ilifungwa, machinjio yakafungwa, na mwenye mbuzi ishirini ambao ndio ada ya shule na dawa ya mzazi alikaa nao bila soko. Sheria ya magonjwa ya wanyama inamtaka kila mwenye mnyama aripoti magonjwa yaliyotajwa ndani yake, na ni sheria nzuri. Lakini anayeripoti akiona yeye ndiye wa kwanza kuumia, kesho hataripoti, na ramani yako itakuwa tupu tena. Kwa hiyo ukifika zizini usifike na daftari tu. Fika na jibu la kitu anachokihitaji: lini daktari wa mifugo atakuja, azike vipi, maziwa ayafanyeje. Na wakikuuliza chanjo, waambie ukweli: chanjo ya mifugo ipo, ila hutolewa kabla ya mlipuko. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitoka mnyama hadi mnyama huweza kueneza kirusi chenyewe, na ile chanjo hai ya zamani huweza kuwatupisha mimba wenye mimba. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo, si wa duka la dawa.

Afisa atakapokuja kuchukua damu, mwonyeshe daftari na umwombe asichukue kwa mbuzi waliotupa mimba pekee. Achukue pia kwa wale waliozaliwa baada ya mlipuko mkubwa wa mwisho na hawajawahi kuchanjwa, hasa wanaolisha karibu na maji. Wakipatikana na kingamwili, maana yake kirusi kimekuwa kikizunguka kimyakimya hapo penu hata miaka isiyo na mafuriko. Utafiti wa namna hii umefanywa Ijara na kuonyesha hivyo, na Ijara si mbali na sisi, imepakana na Lamu. Damu ikae kwenye barafu toka zizini mpaka maabara, na kila chupa iandikwe namba ile ile ya daftari lako. Chupa isiyolingana na daftari haiwezi kuwekwa kwenye ramani yoyote.

Majibu yatachukua muda. Yakija, rudi kwenye ramani ya kazi ujaze maduara yaliyothibitishwa, na yale ya waliopatikana hawana ugonjwa usiyafute. Yawekee msalaba na tarehe ya kipimo, yabaki hapo. Zizi lililopimwa likakutwa salama katikati ya mazizi manne yaliyoathirika lina habari kubwa kuliko yote manne: huenda wanakunywesha kisima kingine, huenda mbuzi wao waliugua mafuriko yaliyopita na wana kinga, huenda wanalaza mifugo kwenye mwinuko. Nenda ukakae na mwenye zizi hilo umuulize anafanyaje, na uniandikie alichokuambia.